Msimu wa Tatu wa The Wire: Ni Tamthilia ya Polisi au Ni Siasa?

Anayeuliza kama msimu wa tatu wa The Wire una ujumbe wa kisiasa anastahili kujibiwa bila kuzungushwa: unao, tena waandishi wake hawakujisumbua kuuficha. Tamthilia hii ya uhalifu, iliyorushwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia tarehe 19 Septemba hadi tarehe 19 Desemba mwaka 2004 katika sehemu 12, inasema kwamba vita dhidi ya dawa za kulevya, jinsi vinavyopiganwa katika miji ya Marekani, vimeiharibu kazi ya polisi na kuwaumiza watu walewale ambao vilidaiwa kuwalinda. Mtazamaji anayetafuta hadithi ya wapelelezi na wauza unga isiyoigusa serikali na achague kitu kingine, kwa sababu humu hata mazungumzo ya askari wawili ndani ya gari yanaweza kuishia kwenye bajeti ya jiji.

Hata hivyo, kusema kwamba ujumbe upo si kuimaliza tathmini, bali ndiyo kwanza kuianza. Zipo tamthilia zilizojaa wabunge na mawaziri ambazo hazina msimamo wowote juu ya utawala, na zipo nyingine zisizo na mwanasiasa hata mmoja, lakini kila mhalifu anapokamatwa zinamzoesha mtazamaji kuamini kwamba sheria za ushahidi ni usumbufu na kwamba kofi la askari mwema halina ubaya. Hizo za pili huitwa burudani tupu, na wanaolalamikia siasa katika tamthilia kwa kawaida hawazihesabu. Kwa hiyo kipimo ninachokitumia hapa ni kingine: je, hadithi inampa mpinzani wa hoja yake nafasi ya kusema jambo la maana, na je, inakubali kuonyesha gharama ya kile inachokitetea? Kwa sehemu ya pili ya kipimo hicho msimu huu unafaulu kwa kiwango ambacho sijakiona mara nyingi katika televisheni. Kwa sehemu ya kwanza unayumba, na nitaeleza ni wapi.

Waliouandika si wageni wa mambo haya. David Simon alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu wa gazeti la Baltimore Sun hadi mwaka 1995, na mwenzake, Ed Burns, alikuwa mpelelezi katika jeshi la polisi la jiji hilohilo kabla ya kwenda kufundisha shule. Waliwaalika pia watunzi wa riwaya za uhalifu, wakiwamo George Pelecanos, Richard Price na Dennis Lehane, waandike baadhi ya sehemu. Faida yake inaonekana katika mambo madogo: makarani wa jiji wanazungumza kama makarani, makamanda wanalaumiana kama watu wanaogombea cheo, na hakuna anayemweleza mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua ili mtazamaji apate kusikia.

Kiini cha msimu ni Meja Howard Colvin, aitwaye Bunny, kamanda wa Wilaya ya Magharibi ya Baltimore, ambaye amebakiza muda mfupi kustaafu. Robert Wisdom anamwigiza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuchoka kudanganya. Baada ya askari wake mmoja kupigwa risasi katika mtego wa kununua kete chache tu za unga, Colvin anawakusanya askari wote wa wilaya na kuwasimulia habari ya mfuko wa karatasi. Sheria ilikataza kunywa pombe hadharani, anawaambia, lakini kwa mtu maskini kona ya mtaa ndiyo baa yake, na polisi wangeamua kumkamata kila mnywaji wasingebaki na nafasi ya kufanya kazi nyingine yoyote. Ndipo mnywaji fulani akaitia chupa yake ndani ya mfuko wa karatasi, askari akapita kama hajaona, na kila mmoja akaendelea na shughuli zake. Dawa za kulevya hazijawahi kupata mfuko wao wa karatasi. Hotuba hiyo ni fupi, haisindikizwi na muziki wa kuwatoa watu machozi, na askari wanaoisikiliza hawapigi makofi. Wengine wanatazamana tu, kwa sababu hawajui kama mkubwa wao anafikiri kwa sauti au anatoa amri.

Anatoa amri. Bila kuwaambia wakubwa wake, anachagua mitaa mitatu yenye nyumba zilizotelekezwa na kuwatangazia wauza unga wote wa wilaya kwamba humo hakuna atakayewakamata mradi wasiuane, na kwamba nje ya humo watakamatwa na kupigwa bila huruma. Vijana wa kona, ambao Amsterdam, jiji la Uholanzi linalojulikana kwa kuvumilia dawa za kulevya, hawajawahi kuisikia vizuri, wanayaita maeneo hayo Hamsterdam. Huu ndio moyo wa ujumbe, na hapa ndipo wanaouita msimu huu mahubiri wanapotakiwa kutazama kwa makini zaidi, kwa sababu mhubiri wa kawaida angeonyesha kona zilizotulia na wazee waliorudi kukaa barazani, kisha akafunga kitabu.

Kona zilizotulia zinaonyeshwa kweli, na uhalifu mkubwa katika wilaya unapungua kwa zaidi ya asilimia 10, takwimu ambayo makamanda wengine wanaisikia kama kejeli. Lakini kabla ya hapo tumemwona mama mmoja mzee ambaye nyumba yake iko katikati ya mtaa uliochaguliwa, na ambaye amebaki peke yake pale kila mtu alipokwisha kuhama. Colvin anakwenda mwenyewe kumwomba ahame, anamwahidi makao mengine, na yule mama anamuuliza, kwa adabu zote, inakuwaje jiji lina mpango wa kumhamisha yeye lakini halina mpango wowote kwa yale yanayotendeka mlangoni pake. Meja hana jibu. Hati ya tamthilia nayo haina, na hailazimishi kulitafuta. Dakika chache tu, na hoja nzima ya Colvin imetobolewa na mtu asiyekuwa na cheo, ambaye hatuambiwi ni wa chama gani wala anamchukia nani.

Gharama zinaendelea kulipwa. Watoto waliokuwa wakilinda kona na kubeba mizigo wanakosa kazi, kwa kuwa mahali pasipo na polisi mlinzi hahitajiki. Wanabaki wakizurura na kupigana mpaka Sajenti Carver anapowatoza wauza unga ushuru wa kuwatunza na kuwatafutia goli la mpira wa kikapu. Mtu anauawa ndani ya eneo huru, na Carver anauhamisha mwili wake ili mradi wa mkubwa wake usigundulike, kitendo ambacho katika jeshi lolote la polisi ni kosa la jinai. Kuna usiku mmoja ambapo Bubbles, teja mwenye moyo mwema anayesukuma kigari chake cha kuuzia fulana, anapita katikati ya Hamsterdam gizani, na kamera inamfuata bila haraka: watoto wanakimbia huku na huku, watu wanajidunga ukutani, kelele zinatoka kila dirisha, na uso wa mtu ambaye amekuwa akitumia unga miaka mingi unajaa hofu. Shemasi wa kanisa anayemzungukia Colvin naye anamwambia bila kumung'unya maneno kwamba amejenga kijiji cha mateso na yeye ndiye mkuu wake. Johnny, rafiki yake Bubbles, anafia katika nyumba mojawapo na kukutwa wakati mtaa unapobomolewa. Mtetezi wa sera hii asiyekuwa mkweli angeyakata yote hayo.

Kisha, upande wa pili wa mizani, wanaingia watu wa afya ya jamii na sindano safi na kondomu, wakifurahi kwa sababu ambayo mwanzoni inaonekana ya ajabu: kwa mara ya kwanza wagonjwa wao wote wako mahali pamoja. Msomaji wa Dar es Salaam, ambako tiba ya methadoni, dawa wanayopewa mateja badala ya heroini, ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, ataitambua hoja hiyo haraka kuliko mtazamaji ambaye hajawahi kusikia mjadala huo, kwa kuwa teja huwezi kumtibu kabla hujajua anapatikana wapi.

Mahali ambapo siasa ya msimu huu ni nyepesi ni pale inapokwenda Iraq. Sehemu ya kwanza inaanza kwa kubomolewa kwa majengo marefu ya Franklin Terrace. Meya anahutubia, majengo yanaanguka, na wingu la vumbi linawafunika watazamaji kwa namna ambayo hakuna Mmarekani wa mwaka 2004 asingekumbuka Septemba 2001. Sehemu ya mwisho inaitwa "Mission Accomplished", yaani "Kazi Imekamilika", maneno yaliyokuwa kwenye bango nyuma ya Rais George W. Bush alipohutubia kuhusu vita vya Iraq akiwa kwenye manowari ya USS Abraham Lincoln tarehe 1 Mei 2003. Katika sehemu hiyohiyo, genge la Avon Barksdale linajiandaa kupigana na Marlo Stanfield kwa kosa ambalo Avon amekwisha kujua kwamba Marlo hakulitenda, na mpiganaji wake, Slim Charles, anamshauri kwamba vita vikishaanza sababu yake haina maana tena, na kama ni uongo basi watapigana juu ya uongo huo. Uchaguzi wa rais wa Marekani ulifanyika tarehe 2 Novemba 2004, msimu ukiwa katikati, na fumbo halikuhitaji mfumbuzi.

Sipingi kwamba fumbo hilo limejengwa kwa ustadi. Tatizo langu ni kwamba halimgharimu mwandishi chochote. Hoja ya Hamsterdam inasimama juu ya miguu yake mwenyewe, kwa sababu tunauona mtaa, tunamwona mama mzee, tunamwona Johnny. Hoja ya Iraq inasimama juu ya kile mtazamaji alichokuja nacho kutoka nyumbani. Aliyekuwa anavipinga vita vile atatabasamu, aliyekuwa anaviunga mkono atanuna, na hakuna kati yao atakayetoka na wazo ambalo hakuwa nalo. Zaidi ya hayo, Avon si Bush na Marlo si Saddam: sababu za kijana wa Baltimore Magharibi kulinda jina lake kwenye kona ni za kwake, na tamthilia inazieleza vizuri sana mpaka pale inapoamua kuziazima kwa matumizi mengine. Mstari wa Slim Charles ni mzuri kwa sababu unamfaa Slim Charles. Jina la sehemu ile ni kukonyezana na watu wanaokubaliana na wewe.

Ujumbe ulionigusa zaidi ni ule ambao watu wachache huutaja wanapobishana kuhusu siasa ya The Wire, nao umo katika vikao vya takwimu. Mfumo wa Compstat, wa kuwapima makamanda wa polisi kwa takwimu za uhalifu, ulianzia New York mwaka 1994 na ukaigwa na miji mingine, Baltimore ikiwamo. Katika tamthilia, Kaimu Kamishna Burrell na naibu wake Rawls wanaketi mbele, kamanda wa wilaya anasimama kwenye mimbari, ramani inawaka ukutani, na swali ni moja tu: namba zimeshuka au hazijashuka? Amri kutoka kwa meya ni kwamba uhalifu mkubwa upungue kwa asilimia 5 na mauaji yasizidi 275 kwa mwaka. Hakuna anayeeleza yatapunguzwaje, na hakuna anayethubutu kuuliza. Kamanda wa Wilaya ya Mashariki anavuliwa madaraka mbele ya wenzake kama mtoto aliyekosea hesabu ubaoni. Yeyote aliyewahi kuandika taarifa ya utekelezaji mwishoni mwa mwaka wa fedha, akijua kwamba lengo liliwekwa na mtu ambaye hajafika eneo la kazi, atavitazama vikao hivi kwa kicheko kisicho na furaha. Colvin anapotoa namba zake halisi, zilizopanda, anadharauliwa. Anapoleta zilizoshuka kwa njia iliyo kinyume cha sheria, anatiliwa shaka kwamba amezipika. Humo hamna chama wala itikadi, na bado sijui maelezo bora ya jinsi shinikizo la kisiasa linavyosafiri kutoka ofisi ya meya hadi kwenye pingu za kijana wa kona.

Wanasiasa wenyewe wamechorwa kwa uangalifu usio sawa. Diwani Tommy Carcetti, anayeigizwa na Aidan Gillen wa Ireland, ni Mzungu mwenye tamaa ya umeya katika jiji ambalo wakazi wake wengi ni weusi, na wengi walimwona ndani yake Martin O'Malley, aliyechaguliwa kuwa meya wa Baltimore mwaka 1999. Carcetti anamshawishi rafiki yake, diwani mweusi Tony Gray, agombee umeya, huku akijua kwamba Gray atazigawanya kura za weusi na kumfungulia yeye njia. Pia anaguswa kwa dhati na mauaji ya shahidi ambaye jiji lilishindwa kumlinda. Mambo hayo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana, na hilo ni jambo ambalo tamthilia za siasa hulikwepa, kwa kuwa ni rahisi zaidi kumwandika mnafiki mtupu au mtetezi mtupu.

Hotuba yake ya mwisho mbele ya kamati ya baraza la jiji ndiyo jaribio kali kuliko yote kwa anayetafuta ujumbe. Hamsterdam imefichuka kwenye vyombo vya habari, imekwisha kubomolewa, Rawls akiusindikiza uvamizi huo kwa muziki wa Wagner, na kila mtu anamtazamia Carcetti amrarue Colvin. Badala yake anasema kwamba meja anaweza kusamehewa lakini jiji haliwezi kujisamehe kwa kuwaachia wauza unga mitaa yake, na maneno yanapanda mpaka ukumbi unanyamaza. Mara ya kwanza nilidhani huyo ndiye msemaji wa waandishi. Ukiitazama tena unagundua kwamba hotuba haina pendekezo hata moja, kwamba inawarudisha watu kwenye lugha ileile ya vita ambayo msimu mzima umeipinga, na kwamba mtu anayeitoa ameshauriwa na mtaalamu wa kampeni. Waandishi wameyaweka maneno matamu kuliko yote katika kinywa cha mtu anayeomba kura, kisha wamemwacha mtazamaji aamue kama atapiga makofi. Ujumbe wa kisiasa unaomtega hata anayekubaliana nao si kitu cha kawaida katika televisheni.

Meya Clarence Royce naye ana dakika zake. Anapoambiwa habari za Hamsterdam hakimbilii kuifunga. Anaziona takwimu, anawaita wataalamu, anapima. Mmoja wa washauri wake, mkuu wa idara ya afya, anaigizwa na Kurt Schmoke, ambaye alikuwa meya halisi wa Baltimore kuanzia mwaka 1987 hadi 1999 na ambaye mwaka 1988 alitaka nchi ijadili kuondoa adhabu za jinai kwa matumizi ya dawa za kulevya. Schmoke alilaumiwa kitaifa kwa kauli hiyo, na katika tamthilia anamtania Royce kwamba aangalie asije akaitwa mtu hatari kuliko wote Marekani, jina ambalo yeye mwenyewe alibandikwa. Asiyejua historia hiyo hatapoteza mtiririko wa hadithi. Anayeijua atatambua kwamba hapo waandishi wanamwita shahidi, tena shahidi wa upande wao, na kwamba shahidi wa upande wa pili hakuitwa.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa. Wanaompinga Colvin ndani ya jeshi la polisi ni Burrell, anayelinda cheo chake na hatimaye anamtisha meya ili apewe ukamishna kamili. Rawls, katili mwenye akili. Na Herc, askari mzito wa kufikiri anayelipigia simu gazeti kwa sababu ya kuchoshwa. Wote wana sababu mbaya. Hayupo hata mmoja mwenye cheo anayempinga kwa sababu nzuri: anayesema, kwa mfano, kwamba afisa mmoja hana haki ya kuifuta sheria wilayani kwake kwa siri, au kwamba majuma machache ya utulivu hayathibitishi kitu. Mama mzee na shemasi wanaibeba hoja hiyo kwa upande wa wakazi, na wanaibeba vizuri, lakini serikali nzima imeachwa bila mtu mwadilifu wa kusema hapana. Waandishi waliogopa, nadhani, kwamba mpinzani mwenye heshima angemfanya Colvin aonekane mwenye kiburi. Angefanya hivyo, na msimu ungekuwa na nguvu zaidi. Jinsi Colvin anavyoadhibiwa, kushushwa cheo hadi luteni na hivyo kupunguziwa pensheni, kisha kunyimwa kazi aliyoahidiwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kunamalizia kumgeuza shahidi wa dini.

Anayetaka kuuita msimu huu propaganda ya mrengo wa kushoto ana kazi ngumu mbele ya Dennis Wise, aitwaye Cutty. Ametoka gerezani baada ya miaka 14, amejaribu kurudi kwenye genge akashindwa kufyatua risasi, na sasa anataka kufungua ukumbi wa ndondi kwa vijana wa mtaani. Anazungushwa ofisi hadi ofisi akitafuta vibali, karani huyu akimtuma kwa yule, mpaka shemasi anapompeleka kwa mchungaji na mchungaji kwa mwanasiasa. Fedha za vifaa anakwenda kumwomba Avon Barksdale mwenyewe: anaomba dola 10,000, Avon anacheka kwa udogo wa kiasi hicho na kumpa 15,000. Kati ya wote wanaojaribu kubadilisha kitu katika msimu huu ni Cutty pekee anayebaki na kitu mkononi, nacho kimejengwa kwa fedha za unga, huku serikali ikiwa kikwazo cha kuzungukwa. Mhafidhina anayeamini kwamba mtu mmoja mwenye nidhamu anaweza kuliko idara nzima angeweza kuionyesha sehemu hiyo kanisani kwake. Sina hakika kwamba waandishi walikusudia asome hivyo, lakini hawakumzuia.

Stringer Bell, naye, ni hoja kuhusu biashara. Idris Elba anamwigiza kama mtu anayesoma uchumi chuoni usiku na asubuhi anawalazimisha wauza unga kufuata kanuni za vikao, mpaka anamkuta kijana wake akiandika kumbukumbu za kikao cha kupanga uhalifu. Anaamini kwamba juu ya mtaa kuna ulimwengu wa watu safi wenye sheria. Anaingia kwenye ujenzi wa nyumba, na seneta wa jimbo Clay Davis anamla fedha zake huku akicheka. Waandishi hawakuweka mhadhara wowote juu ya ubepari. Wameweka tu mtu mwerevu anayetambua, akiwa amechelewa, kwamba kwenye kona angejua nani anamwibia.

Kuhusu rangi, ambako wengi hutarajia msimamo wa wazi, msimu una busara ya kunyamaza. Mpelelezi Mzungu, Pryzbylewski, anampiga risasi na kumwua gizani mtu mweusi ambaye kumbe ni askari mwenzake wa kanzu. Anaulizwa kama rangi ilichangia. Hajui, anasema hajui, na tamthilia haimsaidii kujua.

Mwezi Machi mwaka 2008, msimu wa tano na wa mwisho ukiwa unaisha, Simon, Burns na wenzao waliandika katika jarida la Time kwamba wakiitwa kuwa wazee wa baraza katika kesi ya dawa za kulevya isiyohusisha ukatili watapiga kura ya kumwachia mshtakiwa, ushahidi uwe vyovyote utakavyokuwa. Anayehitaji uthibitisho wa nia yao hana haja ya kutafuta zaidi. Binafsi naona tofauti kati ya maandishi yale na msimu huu ndiyo sifa kuu ya msimu: kwenye jarida wana hakika, kwenye tamthilia wanamwonyesha Bubbles akitetemeka usiku wa Hamsterdam, na baadaye akisimama penye kifusi na kumwambia Colvin, bila kumtambua, jinsi maisha ya nje yalivyo magumu kwa mtu kama yeye. Teja huyohuyo ameogopa mahali pale na amepakosa.

Kama kazi ya upelelezi tu, pia kuna cha kufaidi. Genge limeanza kutumia simu za kutupa, na Bernard, kijana aliyepewa kazi ya kuzinunua, ameagizwa asinunue zaidi ya mbili katika duka moja, hivyo anaendesha gari hadi majimbo ya jirani huku mpenzi wake akilalamika njia nzima kwamba anachoka. Bernard anashindwa na makelele, anaanza kununua nyingi pamoja, na Lester Freamon, mpelelezi mwenye subira ya mvuvi, anapata mlango wa kuingilia. Hakuna risasi wala kufukuzana kwa magari. Genge lililoshinda mahakama na mawakili linaangushwa na safari ndefu na mtu mvivu, na siasa haimo hata kidogo.

Ninaupa msimu huu alama 9 kati ya 10. Moja nimeizuia kwa ajili ya yule mpinzani mwadilifu aliyekosekana na kwa kukonyezana kuhusu Iraq. Si vyema kuanzia hapa, kwa kuwa anguko la Stringer na Avon halitamwuma mtu asiyewajua tangu mwaka 2002, misimu miwili nyuma. Kiingereza cha mitaa ya Baltimore ni kigumu hata kwa wanaokimudu Kiingereza, basi washa maandishi ya chini bila aibu. Lugha ni chafu, uchi na damu vipo, na watoto wasiwe sebuleni. Atakayeumaliza na aendelee moja kwa moja na msimu wa nne, ambako Colvin na Pryzbylewski wote wawili wanaingia shuleni, na hoja ya siasa inahamia kwa watoto wa miaka 13.